Shajara ya mradi: polima teule ya kunasa atrazini majini

Jumatatu: mlengwa

Tumekubaliana, tunaanza na atrazini. Kiuagugu hiki cha mashamba ya mahindi, mtama na miwa kina kila sababu ya kumsumbua mtu wa maji. Huyeyuka kiasi cha miligramu 33 hivi kwa lita, hakishikamani sana na udongo, na kikishafika kwenye maji ya chini ya ardhi huchukua muda mrefu kuoza. Tena hakina chaji. pKa yake, yaani pH ambayo nusu ya molekuli huwa na chaji, iko karibu 1.7, kwa hiyo kwenye maji ya kawaida molekuli zake hazibebi umeme wowote, na resini za kubadilishana ioni hazina pa kuishikia.

Viwango vinavyoruhusiwa vinachekesha kidogo ukiviweka pamoja. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kisichozidi mikrogramu 100 kwa lita, likihesabu atrazini pamoja na mabaki yake yenye klorini. Marekani, ambako bado inatumika, kikomo ni mikrogramu 3. Umoja wa Ulaya, ulioamua kuiondoa sokoni mwaka 2004, unadai 0.1 kwa karibu kila kiuatilifu, kiwe kikali au kiwe dhaifu. Kutoka juu hadi chini ni mara elfu moja kwa molekuli ileile. Sisi tumechukua 0.1 kama shabaha, si kwa sababu ndiyo namba yenye hoja nzito zaidi ya kiafya, bali kwa sababu polima ikiiweza hiyo, nyingine zote zitakuwa zimepitwa.

Kwa sasa kazi hii inafanywa na mkaa amilifu, nao unainasa atrazini vizuri tu. Shida yake ni kutobagua. Maji ya mto hubeba mabaki ya majani na udongo yaliyoyeyuka kwa kipimo cha miligramu kwa lita, ilhali atrazini iko kwenye mikrogramu. Mkaa unajaa vitu ambavyo hakuna aliyeutuma uvichukue. Swali letu limetoka hapo: polima inayobagua itadumu zaidi kwenye maji ya namna hiyo?

Jumatano: njia tuliyochagua

Polima za chapa. Unachukua molekuli ya mfano, yaani kiolezo, unaichanganya na monoma (molekuli ndogo zinazoungana kuwa polima) zinazopenda kushikana nayo, halafu unazigandisha monoma hizo zikiwa bado zimeizunguka. Kiolezo kikishaoshwa, panabaki matundu yenye umbo lake na mikono ya kikemia iliyokaa mahali panapofaa. Wazo lina umri. Frank Dickey, akiwa kwenye maabara ya Linus Pauling, alionyesha mwaka 1949 kwamba jeli ya silika iliyotengenezwa mbele ya rangi ya methili oranji huipendelea rangi hiyo baadaye. Günter Wulff alilihamishia kwenye polima mwaka 1972, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Klaus Mosbach akaonyesha kwamba si lazima kiolezo kifungwe kwa vifungo imara. Vifungo vya haidrojeni vinatosha.

Tumechagua njia ya Mosbach kwa sababu ni rahisi na kwa sababu familia ya atrazini inaipenda. Pete ya triazini, kiini cha molekuli hizi, ina nitrojeni za kupokea haidrojeni, na vikundi vya amini pembeni vina haidrojeni za kutoa. Asidi ya methakriliki inatoa na kupokea kwa wakati mmoja. Zinakaa pamoja kama zilizopangiwa.

Sitaki kutumia mfano wa kufuli na ufunguo unaorudiwa kila mahali. Kufuli ni chuma. Polima hii inavimba, inasinyaa, na matundu yake hayafanani: machache ni mazuri sana, mengi ni ya hivi hivi, mengine ni nafasi tu. Anayetarajia kufuli atakatishwa tamaa na kipimo cha kwanza.

Alhamisi: mapishi

Kiolezo cha kwanza ni propazini, ndugu wa atrazini anayetofautiana nayo kwa kaboni moja tu pembeni. Sababu nitaieleza nikifika kwenye kuosha.

Uwiano ni ule wa kawaida wa 1 kwa 4 kwa 20. Milimoli moja ya propazini, sawa na miligramu 230. Milimoli nne za asidi ya methakriliki, yaani gramu 0.34. Milimoli ishirini za ethilini glikoli dimethakrilati, kifungaminyororo chetu, takriban gramu 3.96. Kiyeyushi ni toluini, mililita sita. Toluini haina vifungo vya haidrojeni vya kushindana na kiolezo, na ndiyo itakayoacha vinyweleo ndani ya tonge ikishaondoka. Kianzishi ni AIBN, kidogo tu; ikipata joto hutoa radikali, vipande vya molekuli vinavyoanza kuziunganisha monoma.

Monoma huja kutoka kiwandani zikiwa na kizuizi cha kuzifanya zisigande ndani ya chupa. Tumezipitisha kwenye alumina kukiondoa. Kisha mchanganyiko ukawekwa kwenye barafu na kupulizwa nitrojeni, kwa sababu oksijeni hula radikali kabla hazijafanya kazi. Barafu ni ya kuzuia toluini isitoroke na nitrojeni. Ikipungua, vinyweleo vinabadilika na huwezi tena kulinganisha tonge moja na jingine. Neli ikafungwa na kuachwa kwenye maji ya nyuzi 60 usiku kucha.

Pembeni yake imewekwa neli ya pili yenye kila kitu isipokuwa propazini. Hiyo ndiyo polima tupu, na kwangu mimi ndiyo muhimu kuliko ile nyingine. Polima ya chapa ikinasa atrazini haijathibitisha lolote. Plastiki nyingi hunasa atrazini. Kinachothibitisha ni pengo kati ya hizo mbili.

Ijumaa: kusaga

Asubuhi neli zote mbili zilikuwa na tonge jeupe, gumu, lisilopitisha mwanga. Huwezi kulitoa, unaivunja neli. Unafunga kitambaa, unagonga kwa nyundo ndogo, unaokota vioo kwa koleo, halafu unaingia kwenye kinu na mchi. Watu wanaodhani sayansi ya polima ni mashine zinazowaka taa wangetushangaa: saa nzima ya kutwanga, vumbi jeupe kwenye glavu, na sauti ya chembe zikisagika kama chumvi ya mawe.

Tunataka punje za kati ya mikromita 25 na 50. Zilizopita chekeche la 50 na kubaki kwenye la 25 ndizo zetu. Kubwa zinarudi kwenye kinu. Ndogo mno ni hasara, na hasara ni kubwa: kwa njia hii ya kutwanga, zaidi ya nusu ya polima huishia kuwa vumbi lisilofaa.

Hilo vumbi nalo lina hatari yake. Linashikamana na punje nzuri, linapenya kwenye kichujio, na linaelea majini. Tumelitoa kwa kukoroga punje kwenye asetoni, kuziacha zitulie, na kuimwaga ile asetoni ya juu yenye ukungu, tena na tena mpaka iwe safi. Nimeandika pembeni ya daftari kwa kalamu nyekundu: kisafisha maji kinachomwaga plastiki ndogondogo kwenye maji yaleyale hakijasafisha kitu. Punje za umbo la mviringo, zinazotengenezwa moja kwa moja kwenye kiyeyushi kingi bila kutwangwa, zitatuepusha na hili. Hiyo ni hatua ya baadaye.

Jumatatu: kuosha, na hesabu inayotisha

Kiolezo hutolewa kwa kifaa cha Soxhlet, kinachoosha kwa kiyeyushi kinachozunguka tena na tena: methanoli tisa kwa asidi ya asetiki moja, kisha methanoli peke yake kuiondoa asidi. Inaonekana kazi ndogo. Hebu tuipigie hesabu.

Miligramu 230 za propazini ziko ndani ya polima ya gramu 4.3 hivi, yaani kama miligramu 53 kwa kila gramu. Tuseme tumeosha vizuri na asilimia 99 imetoka. Imebaki karibu miligramu 0.53 kwa gramu. Kwenye jaribio la kawaida tunatia miligramu 10 za polima ndani ya mililita 10 za maji. Hizo miligramu 10 zina mikrogramu 5.3 za propazini iliyojificha. Ikivuja sehemu moja tu kwa elfu, maji yanapata mikrogramu 0.53 kwa lita. Mara tano ya kikomo tulichojiwekea. Na hapo tulikuwa tumeosha asilimia 99!

Ndiyo maana hatukutumia atrazini yenyewe kama kiolezo. Ingevuja, na kipimo kisingejua ipi imetoka kwenye sampuli na ipi imetoka kwenye polima. Propazini inapovuja inaonekana kwenye kromatogramu, mchoro wa mashine inayotenganisha molekuli, kama kilele chake chenyewe, imejitenga na atrazini, na tunaweza kuisema kwa jina. Kwa anayepima, tatizo limekwisha.

Kwa anayesafisha, halijaisha hata kidogo. Propazini nayo ni kiuagugu. Ukiweka polima hii kwenye maji ya kunywa umetoa sumu moja na kutia nduguye. Sehemu kubwa ya maandishi ya fani hii hupita hapa haraka kwa sababu waandishi wake ni watu wa vipimo. Sisi hatuwezi kupita haraka. Polima ya pili itatumia kiolezo kingine.

Jumanne: toluini kwanza

Jaribio la kwanza ni ndani ya kiyeyushi kilekile ambamo polima ilizaliwa, mahali ambapo matundu yana umbo lake halisi. Tumetayarisha atrazini kwa ukolezi mbalimbali, tukatikisa usiku, tukachuja, tukapima kilichobaki. Toluini yenyewe humeza mwanga wa urujuanimno pale pale tunapopimia atrazini, karibu na nanomita 220, kwa hiyo kila sampuli inakaushwa na kuyeyushwa upya kwenye asetonitrili na maji kabla ya kuingia kwenye mashine.

Pengo ni la wazi. Polima ya chapa inanasa, polima tupu inaachia nyingi ipite. Simazini, ambayo ina vikundi viwili vya ethili badala ya kimoja cha ethili na kimoja cha isopropili, inanaswa karibu sawa na atrazini. Mwenzangu alikunja uso kidogo, akitaka polima inayoitambua atrazini peke yake. Mimi nimefurahi. Anayekunywa maji hafaidiki na polima inayokamata atrazini na kuisindikiza simazini mpaka kwenye glasi.

Pengine tunahitaji ubaguzi mpana zaidi ya huo. Desethilatrazini, baki linalotokea bakteria wa udongo wakiing'oa ethili, bado ina klorini yake na imo kwenye hesabu ya Shirika la Afya Duniani. Ni ndogo na inapenda maji kuliko mama yake. Polima yetu inaishika kwa ulegevu. Hilo nimeliwekea alama.

Alhamisi: majini

Hapa ndipo mradi ulipogeuka.

Kwenye maji, polima zote mbili zilinasa atrazini. Pengo lililokuwa wazi ndani ya toluini lilibaki kama mwanya. Sababu inajulikana, na inafaa kuielewa vizuri kwa sababu ndiyo inayotenganisha polima teule za makala na polima teule za bombani.

Kifungo cha haidrojeni ni biashara ya ushindani. Ndani ya toluini, asidi ya methakriliki iliyoko tunduni haina mteja mwingine isipokuwa atrazini. Ndani ya maji kuna moli 55 za maji kwa kila lita, kila molekuli ikitaka mkono uleule. Atrazini inapoteza faida yake. Wakati huohuo maji yanaisukuma atrazini itoke: molekuli isiyo na chaji, yenye mafuta-mafuta kidogo, inapata raha zaidi ikilala juu ya uso wowote wa plastiki kuliko ikielea. Polima tupu ina uso wa plastiki kama ile nyingine. Basi inanasa bila kujua inachonasa, kwa nguvu ileile inayotumiwa na mkaa.

Kuna na pH. Asidi ya methakriliki ikiwa peke yake ina pKa ya karibu 4.7, ikifungwa ndani ya polima hupanda kidogo, lakini kwenye maji ya pH 7 na zaidi sehemu yake kubwa imeshaachia haidrojeni. Mkono uliokusudiwa kushika sasa una chaji hasi. Kwenye maji magumu kalsiamu inakuja kukaa juu yake. Tulipojaribu maji yenye kalsiamu, unasaji wa polima ya chapa ulishuka na wa polima tupu haukuyumba, jambo linaloonyesha kwamba kilichopotea ndicho hasa tulichokuwa tumekijenga.

Ijumaa: namba ipi tuiamini

Kila makala ya nyenzo mpya hutangaza unasaji wa juu kabisa, miligramu kadha wa kadha kwa gramu. Nimejaribu kuipa namba hiyo heshima na imeshindikana.

Tuanze na kikomo cha nadharia. Kila molekuli ya kiolezo ikiacha tundu moja zima, tuna milimoli moja ya matundu kwenye gramu 4.3, ambayo kwa atrazini ni miligramu 50 kwa gramu. Tukipata zaidi ya hapo, ziada hiyo haina uhusiano na chapa. Tukipata chini, bado hatujui kama matundu yanafanya kazi, maana namba hupimwa kwa ukolezi wa miligramu nyingi kwa lita, ambako hata matundu mabovu na nyuso tupu zinajaa.

Mto hauko hivyo. Tuchukue maji yenye mikrogramu 3 na tunayataka yatoke na 0.1, gramu moja ya polima kwa lita moja. Polima inatakiwa ibebe mikrogramu 2.9, kiasi kidogo mno. Ugumu ni kwamba inatakiwa iendelee kuzishika wakati nje kumebaki 0.1 tu. Uwiano wa kilichonaswa kwa kilichobaki ni lita 29 kwa gramu. Hiyo ndiyo namba ya kuisaka: nguvu ya kushika kwenye ukolezi mdogo. Uwezo wa kubeba kwenye ukolezi mkubwa ni hadithi nyingine, na nyenzo yenye uwezo mkubwa inaweza kabisa kushindwa hapa.

Kuanzia leo majaribio yote ya maji yanaanzia kwenye mikrogramu chache. Inatulazimu kukusanya sampuli kubwa zaidi, na kila kundi lina chupa moja isiyo na polima kabisa, kwa sababu kwenye viwango hivi hata kichujio cha nailoni kinaweza kula sehemu ya atrazini na kuisingizia polima sifa isiyo yake. Tumehamia kwenye vichujio vya nyuzi za kioo.

Jumatano: polima ya pili

Mabadiliko mawili kwa pamoja, ingawa najua mshauri yeyote angesema tubadilishe moja moja.

La kwanza ni kiolezo. Matsui na wenzake walionyesha mwaka 2000 kwamba trialkilimelamini zinaweza kusimama badala ya atrazini. Zinatengenezwa kutoka sianuriki kloridi, malighafi ileile ya atrazini: mkono mmoja wa njia unaweka amini mbili na kuacha klorini moja, mwingine unaweka amini tatu na kuimaliza klorini yote. Tumetumia yenye ethili tatu. Sisemi kwamba ni kitu cha kumnywesha mtu, lakini haiuzwi kama kiuagugu, na haina klorini ambayo Shirika la Afya Duniani linaiangalia kwenye hesabu yake. Kwenye kromatogramu iko mbali na atrazini.

La pili ni ngozi ya polima. Sehemu ya kifungaminyororo imepishwa na 2-hidroksiethili methakrilati, monoma inayopenda maji, ili uso usiwe kitanda laini kwa kila chenye mafuta.

Matokeo: unasaji wa jumla umeshuka kwa polima zote mbili, na pengo limefunguka. Hili ni jambo gumu kulieleza kwa mfadhili, kwamba nyenzo inayonasa kidogo ndiyo iliyo bora. Lakini ndivyo ilivyo. Tulichopunguza ni unasaji wa kipofu.

Ijumaa: maji ya kahawia

Tumetia asidi ya humiki, mabaki ya mimea iliyooza, ndani ya maji safi, mpaka yakapata rangi ya chai nyepesi, na atrazini kwa mikrogramu chache. Washindani ni watatu: polima ya chapa mpya, polima tupu yake, na mkaa amilifu wa unga.

Nitaandika bila kupamba: kwa atrazini iliyoondolewa, gramu kwa gramu, mkaa umeshinda. Umeshinda hata kwenye maji ya kahawia. Ulipoteza sehemu ya nguvu yake, kama tulivyotegemea, ila ulianza ukiwa mbele sana, na nguvu iliyobaki bado ilituzidi. Polima haikuyumba sana, kwa kuwa molekuli kubwa za humiki haziingii kwenye vinyweleo vidogo. Uthabiti huo ni mzuri kuuona kwenye mchoro, lakini hausafishi maji zaidi ya mkaa.

Kilichonivutia kilikuwa upande mwingine wa kazi. Tulipoziosha punje kwa methanoli ili kutoa zilichonasa na kuipitisha methanoli hiyo kwenye mashine, mkaa ulikuwa umeing'ang'ania atrazini; sehemu yake haikutoka, na iliyotoka ilikuja na uchafu. Punje za kawaida za C18 (silika iliyovishwa minyororo ya kaboni kumi na nane), tulizozijaribu pia kwa kulinganisha, zilitoa atrazini yote pamoja na kilima kipana cha humiki mwanzoni mwa kromatogramu, kilima kinachoifunika kabisa desethilatrazini. Polima ya chapa ilitoa mstari uliotulia, na kilele cha atrazini kikiwa peke yake, chembamba, kinachosomeka.

Nimekaa nikiangalia mstari ule kwa muda. Ulikuwa unatuambia polima hii ni ya kazi gani.

Jumatatu: mazungumzo ya resini ya boroni

Mwenzangu hakukubali kwamba polima teule haziwezi kusafisha maji mengi, akaleta mfano ambao sina jibu la kuupinga: resini za boroni. Maji ya bahari yakishapitishwa kwenye utando wa osmosi ya kurudi nyuma, asidi ya boriki hupenya kwa sababu ni ndogo na haina chaji, kama tu atrazini ilivyo shida kwa resini za ioni. Kinachoimalizia ni polima ya polistirini iliyofungwa kwa divinilibenzini, iliyopandikizwa N-methiliglukamini. Vikundi vya haidroksili vya glukamini huikumbatia boroni na kufanya nayo muungano wenye chaji ambao amini iliyo jirani huushika. Chumvi ya kawaida haiingilii. Resini ikijaa, unaiosha kwa asidi, kisha kwa besi, na inarudi kazini. Inafanya kazi viwandani, kwa maji mengi, kila siku.

Tofauti na yetu iko wapi? Umbo la tundu halihusiki hapo. Kuna mshiko wa kikemia ambao maji hayauwezi, kwa sababu maji hayana uwezo wa kufanya na glukamini kile ambacho boroni inafanya. Resini za kushika metali nzito zenye iminodiasetati zinatembea na mantiki hiyohiyo. Atrazini haitupi mshiko wa namna hiyo. Inatupa vifungo vya haidrojeni, ambavyo maji yanavifahamu kuliko yeyote.

Tulizungumza pia kuhusu polima za siklodekstrini. Kundi la William Dichtel lilichapisha mwaka 2016 polima ya beta-siklodekstrini, pete ya sukari saba, iliyofungwa kwa tetrafluorotereftalonitrili, ikawa na vinyweleo vingi na kunasa bisfenoli A, kemikali ya kutengenezea plastiki, kwa kasi ya kushangaza. Pale tundu halihitaji kiolezo. Limo tayari ndani ya pete, na mafuta-mafuta ya ndani yake yanafanya kazi pamoja na maji badala ya kupigana nayo. Si teule kwa molekuli moja, ni teule kwa ukubwa na tabia. Baada ya yote tuliyoyaona, huo ndio uteuzi unaofaa kwenye bomba, na mwenzangu ameomba aifuate njia hiyo kama tawi la pili la mradi. Amepewa.

Jumatano: uamuzi

Polima ya chapa inahamishwa kutoka kusafisha kwenda kupima. Hesabu inaikubali. Mashine yetu ya urujuanimno haiwezi kuona mikrogramu 0.1 kwa lita. Lakini lita moja ya maji ikipita kwenye katriji yenye miligramu 200 za polima, na kilichonaswa kikatolewa kwa mililita moja ya methanoli, ukolezi unapanda mara elfu: 0.1 inakuwa 100, na 100 tunaiona bila shida. Hapo ule mstari uliotulia una thamani, kwa sababu ungekuza mara elfu na humiki pia kama punje zisingebagua. Na kuvuja kwa kiolezo, ambako kwenye maji ya kunywa hakuvumiliki, kwenye katriji ni kilele cha pembeni tu tunachokijua jina.

Swali la methanoli limebaki mezani kwa matawi yote mawili. Kunasa hakuharibu sumu. Kila katriji na kila kolamu inatoa kimiminika kidogo chenye atrazini nyingi, na mtu lazima akimiliki. Mkaa una jibu lake, unachomwa upya kwenye joto la nyuzi mia nane na kitu na mzigo wake unaungua. Polima ya methakrilati haivumilii tanuri hilo. Kwa sasa tunakusanya kwenye chupa yenye lebo na kuipeleka kuteketezwa pamoja na taka nyingine za viyeyushi. Kwa kipimo cha katriji inatosha. Kwa kipimo cha kituo cha maji isingetosha, na sijaona pendekezo la polima teule linaloanza na swali hili badala ya kumalizia nalo.

Wiki ijayo

Katriji za kwanza zitapakiwa na punje za mikromita 25 hadi 50, kati ya vichujio viwili vya polipropilini. Kila moja itaoshwa kwa methanoli kisha maji, ipitishwe lita moja ya maji ya mto yaliyochujwa na kutiwa atrazini, simazini na desethilatrazini kwa mikrogramu 0.1 kila moja, ikaushwe kwa hewa, halafu itolewe. Kabla ya methanoli tutapitisha kiasi kidogo cha diklorometheni. Punje zikishakaushwa maji, kiyeyushi hicho kisicho na vifungo vya haidrojeni kitang'oa kile kilicholala juu ya uso tu, na kuyafanya matundu yashike kama yalivyoshika kwenye toluini. Desethilatrazini ndiyo ninayoiwekea mashaka. Ikipotea kwenye hatua ya maji, tutajaribu tena kwa nusu lita kabla ya kugusa mapishi ya polima.